Ukuta wa Baba Mdogo

Mwezi uliopita nilikuwa nimekaa mbele ya nyumba yangu nachambua mchicha, nikaona mwanamke mrefu mwenye miwani amesimama nje ya ua, ananitazama kama mtu anayetaka kuuliza njia. Nilipoinua uso akasema, "Shikamoo, Dada Felista. Mimi ni Rupa, mjukuu wa Bibi Kanta." Niliinuka kwa haraka mpaka ungo ukaanguka. Mara ya mwisho nilipomwona alikuwa amevaa sare ya shule ya msingi na meno ya mbele yameng'oka, siku chache kabla wazazi wake hawajahamishia biashara yao Nairobi. Sasa ni mama wa watoto, na kwenye nywele zake zimeshajitokeza mvi mbili tatu. Alikuwa amekuja Moshi kuuza nyumba ya marehemu bibi yake, na kabla ya kwenda kuonana na mnunuzi aliona apite kwangu. Tukanywa chai, tukapeana habari za waliofariki na waliooa. Alipokuwa anajiandaa kuondoka akasogeza nywele kwenye paji la uso, akanionyesha alama ndogo iliyopauka. "Ni kweli niligongwa na gari?" akauliza. "Baba kila akianza kunisimulia anaishia njiani." Nikamwambia ni kweli na si kweli, kisha nikamweleza. Ninayoyaandika hapa ni marefu kuliko niliyomweleza siku ile, maana mnunuzi alikuwa anapiga simu na chai ilikuwa imeshapoa.

Mwaka ule nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nasubiri nafasi ya chuo cha ualimu. Niliteremka kutoka kijijini kwetu Uru, mlimani, na begi langu na mkungu wa ndizi, nikaja kukaa mjini kwa mama yangu mdogo, Theodora, ambaye mumewe alikuwa mwalimu wa hisabati aliyeitwa Melkiori. Mimi nilimwita Baba Mdogo. Mtaa mzima ulimwita Mwalimu. Walikuwa na mtoto mmoja, Neema, aliyekuwa darasa la kwanza, na kazi yangu ilikuwa kupika, kumpeleka Neema shule na kumrudisha. Nyumba yao haikuwa kubwa. Jiko lilikuwa nyuma, vyumba vya kulala vilipakana ukuta kwa ukuta, na mbele kulikuwa na sebule ambayo mpaka leo nikifumba macho naiona. Dirisha lake lilitazama barabarani. Mchana jua liliingia pale, likapita juu ya vitambaa vya kufuma vya Mama Mdogo, likafika mpaka kwenye meza ambako Baba Mdogo alisahihisha madaftari. Yeye akisahihisha, alikuwa anainua kichwa kila mtu anapopita nje na kumpungia mkono kwa kalamu nyekundu, kisha anarudi kwenye hesabu zake bila kupotea.

Mtaa wenyewe ulikuwa mfupi. Nyumba zake zilikuwa za zamani, zimejengwa nyuma kidogo ya barabara ili mbele ibaki nafasi, na kila mtu aliitumia nafasi ile alivyopenda. Kuna aliyepanda mawaridi, kuna aliyepanda mahindi mpaka kwenye ngazi. Sisi tulikuwa na majani mafupi na benchi. Bibi Kanta, aliyeishi ng'ambo ya barabara tukitazamana naye mlango kwa mlango, alikuwa na chungu kikubwa chenye mrehani, akiumwagilia maji kila asubuhi na kuusalia kwa dini yake ya Kihindu. Ua kati ya nyumba na barabara ulikuwa wa michongoma iliyokatwa ikabaki usawa wa kiuno. Ukiwa umekaa barazani ulimwona apitaye, naye alikuona. Kutoka dukani kwenye kona mpaka nyumbani ni mwendo mfupi sana, lakini mimi sikuwahi kuumaliza upesi. Ilikuwa shikamoo huku, shikamoo kule, mama yako wa Uru hajambo, kahawa imechanua, mbona leo umebeba mkate mmoja tu. Mwanzoni nilichoka na maswali yale. Kule kwetu mgombani niliwajua watu wote na wote walinijua, nikawa nimetumaini mjini nitapumzika. Baada ya mwezi nikagundua kwamba nikipita na mtu asiniulize kitu, ninajisikia vibaya.

Rupa alikuwa mdogo wa miaka minne. Wazazi wake walishinda dukani mjini, wanauza vitambaa, na bibi yake ndiye aliyemlea. Bibi Kanta alizaliwa Moshi, akaolewa Moshi, na Kiswahili chake kilikuwa cha huku huku kwetu, amekichanganya na Kichagga cha sokoni, mpaka wauza ndizi walimwogopa kwa bei. Mchana, watoto wa mtaa walichezea mbele ya nyumba yetu kwa sababu majani yetu yalikuwa mazuri. Neema, Rupa na wengine walilala pale, wakapigana pale, wakala pale. Nikipika kiburu niliwapelekea kwenye sinia, ndizi na maharage vikiwa vya moto, nao wakala kwa mikono wakiwa wamekaa kwenye majani. Jioni Bibi Kanta alituma bagia na chatne ya ukwaju. Hakuna aliyeona kwamba hilo ni jambo la kusimulia.

Kisha likaja gari. Ilikuwa miaka ile magari yaliyotumika Japani yalipoanza kuingia kwa wingi, na watu wa mishahara ya kawaida wakaanza kuthubutu kuota. Baba Mdogo aliota kwa muda mrefu kuliko wengi. Alikuwa anakwenda shule kwa baiskeli, mvua ikinyesha anafika na suruali imelowa mpaka magotini, na wanafunzi wanaona. Alijinyima, akaacha hata bia yake ya Jumapili, akaenda Dar es Salaam mara kadhaa kufuatilia, na siku moja ya mwezi wa tatu akaingia mtaani na gari dogo jeupe, anaendesha taratibu, ameshika usukani kwa mikono miwili kama amebeba beseni la maji. Mtaa wote ulitoka. Padri alikuja akanyunyiza maji ya baraka. Alipomaliza, Bibi Kanta akavuka barabara na nazi, akaipasua mbele ya tairi, akatia alama nyekundu kwenye boneti kwa kidole. Padri alikuwa bado yupo. Alitazama, akacheka, akasema baraka haizidi. Usiku ule Baba Mdogo alitoka mara nyingi kwenda kulitazama gari lake pale kwenye majani, na Mama Mdogo kila mara alimwuliza kama bado lipo.

Siku hazikupita nyingi wezi wakaja. Tulipoamka tukakuta taa za mbele zimeng'olewa pamoja na vioo vya pembeni, na majani yamekanyagwa. Baba Mdogo alikaa kwenye benchi na nguo zake za kulalia, majirani wakaja mmoja mmoja kumpa pole, na kila mmoja akasema neno lile lile, kwamba mjini ukiwa na gari lazima uwe na ukuta. Mfanyabiashara wa nyumba ya kona alikuwa ameshajenga wake, na gari lake halijaguswa. Mimi nilikuwa nalala chumba kimoja na Neema, kinachopakana na cha wazazi wake, nikawasikia wakizungumza. Mama Mdogo alisema ukuta ni gharama na nyumba itakuwa kama gereza. Baba Mdogo akajibu kwa sauti ya chini kwamba alitembea na baiskeli tangu ujana wake, na kitu alichokipata kwa jasho lake hawezi kukiacha nje kama mbuzi. Mama Mdogo akakubali. Nadhani alimwonea huruma. Hata mimi nilimwonea huruma, na sasa nikiwa na umri mkubwa kuliko aliokuwa nao wakati ule, bado sioni kwamba alikuwa na ubaya wowote moyoni.

Mafundi wakang'oa michongoma. Wakafukua majani, wakamwaga kokoto na saruji ili gari lipate pa kulala, na benchi likapelekwa nyuma karibu na banda la kuku. Ukuta ukapanda, tofali juu ya tofali, mpaka ukampita mtu mrefu, na mwisho likaletwa geti la mabati lililopakwa rangi nyeusi. Siku walipomaliza nilikuwa sebuleni nikipiga pasi. Nikashangaa kwamba nahitaji kuwasha taa, na ilikuwa saa nane mchana. Baba Mdogo alikaa mezani kwake, akafungua madaftari, akainua kichwa. Mbele yake kulikuwa na tofali. Akatazama kwa muda, kisha akainama akaendelea, na kuanzia siku hiyo sikumwona tena akipunga kalamu.

Jambo hili huambukiza. Jirani wa kulia akajenga, na hata gari hakuwa nalo. Alisema akibaki peke yake wazi, wezi watakuja kwake. Wa kushoto akafuata. Kufikia katikati ya mwaka mtaa wetu ulikuwa umekuwa kichochoro cha mageti. Nikienda dukani nilikwenda na kurudi upesi, kama nilivyokuwa nimetamani mwanzoni, na njiani nilisikia tu redio nyuma ya kuta na mbwa wanaobweka. Ukigonga geti unaulizwa "nani?" na mtu ambaye zamani angekuita kwa jina ukiwa bado mbali. Mama Mdogo na mwenzake wa jirani, waliokuwa wakizungumza juu ya ua huku kila mmoja anakata mboga zake, wakaanza kukutana kanisani tu. Bibi Kanta ndiye aliyekataa. Mwanawe alitaka kujenga, akamwambia asubiri afe kwanza. Alibaki kwenye kiti chake barazani na chungu chake cha mrehani, anatazamana na geti letu jeusi siku nzima.

Watoto hawakuwa na mahali. Uwanja wetu ulikuwa wa gari, na Baba Mdogo hakutaka mpira upige vioo. Basi wakahamia barabarani. Walipenda hasa pale nje ya geti letu, kwa sababu fundi alikuwa ameweka mteremko wa saruji laini kutoka getini mpaka barabarani, na saruji ile ilikuwa nzuri kwa kuchorea. Chaki walizipata kwa Baba Mdogo mwenyewe. Vipande vidogo alivyorudi navyo mfukoni kutoka shuleni alimpa Neema, naye Neema akawagawia wenzake.

Ilikuwa Jumamosi asubuhi, Baba Mdogo anakwenda Uru kumwona mama yake. Mama Mdogo alinituma dukani sukari na mkate wa kupeleka huko, na mwenyewe akafungua geti. Mabawa yake yalifungukia ndani, na nafasi ilikuwa ndogo kiasi kwamba anayefungua alilazimika kujibana nyuma ya bati ili gari lipite. Humo ndani gari halikuweza kugeuka. Lilitoka kinyumenyume siku zote. Mimi nilikuwa narudi, nimekaribia, nikaona matako ya gari yakijitokeza kati ya nguzo mbili, na chini ya nguzo ya kushoto nikamwona Rupa amechuchumaa, anachora, kanipa mgongo. Niliita. Redio ya gari ilikuwa inaimba na madirisha yamefungwa. Ng'ambo ya barabara Bibi Kanta alikuwa ameshainuka kwenye kiti, mkono mmoja mbele, na mdomo wake ulikuwa wazi lakini sikusikia sauti. Nikatupa vitu vyangu nikakimbia, nikalipiga buti la gari kwa mikono yote miwili, nikaendelea kupiga mpaka likasimama. Rupa hakuwepo pale alipokuwa.

Redio iliendelea kuimba. Mama Mdogo alitoka nyuma ya bati akauliza kuna nini, na mimi nilikuwa nimeshalala kifudifudi kwenye saruji. Rupa alikuwa chini ya gari, amelala chali kati ya magurudumu ya nyuma, chaki bado mkononi. Macho yake yalikuwa wazi, na damu ilikuwa inamtiririka kwenye paji la uso kuelekea sikioni. Nilitaka kumwita, nikaogopa. Yeye ndiye aliyesema kwanza.

"Dada," akasema, "huku kunanuka."

Nilimvuta kwa mabega, taratibu, na alipotoka akaanza kulia kwa nguvu, kilio cha hasira, cha mtoto mzima kabisa. Mpaka leo nikisikia mtoto analia namna ile sikasiriki. Baba Mdogo alikuwa ameshuka. Alimwona mtoto, akaona damu, akakaa chini pale pale karibu na mlango wa gari. Bibi Kanta akavuka barabara ameshika sari yake kwa mkono. Alimchukua Rupa, akampapasa mikono, miguu, mbavu, akamfuta damu kwa upindo wa sari, kisha akafungua mlango wa nyuma wa gari lile lile akaingia, akaketi na mtoto mapajani.

"Mwalimu, tupeleke hospitali," akasema.

Baba Mdogo alikuwa bado amekaa chini. Akamwambia hawezi.

"Mimi nimeshakaa humu na mtoto," Bibi Kanta akamjibu. "Endesha."

Akaendesha. Mimi nilikaa mbele, na aliendesha polepole mpaka baiskeli zikatupita. Nyuma yangu nilisikia Bibi Kanta anamwimbia Rupa kitu kwa Kigujarati, na kila alipoacha kuimba alimwuliza swali. Jina la baba yako nani, jana tulikula nini, paka wa nyumba ya pili ana rangi gani. Rupa alijibu yote, na lile la chakula alilijibu kwa malalamiko. Hospitali tukakaa kwenye benchi refu, sakafu imetoka kupigwa deki, tunanusa dawa. Walimwingiza ndani na bibi yake. Baba Mdogo hakukaa. Alisimama ametazama mlango, na shati lake lilikuwa limelowa mgongoni. Hatimaye daktari akatoka, kijana mmoja mpole, akasema mtoto amechanika kidogo kwenye paji la uso na amechubuka mgongo, kichwa hakina tatizo, mifupa haina tatizo, tukae naye mpaka jioni wamwangalie kisha twende naye nyumbani. Baba Mdogo akaomba arudie. Daktari akarudia. Baba Mdogo akamshukuru, akatoka nje, na kupitia dirishani nikamwona ameegemea nguzo ya kibaraza, mabega yanapanda na kushuka. Bibi Kanta alipotoka akavua kandambili, akaweka nyayo zake kwenye sakafu ya baridi, akaniomba maji. Alikunywa bilauri nzima bila kupumua. Akaniambia, "Sasa ndiyo naona nilivyokuwa na kiu."

Baba yake Rupa alikuja kwetu jioni ile. Nilikuwa jikoni, nimepika mtori wa ndizi ambao hakuna aliyeula, nikasikia. Hakupiga kelele. Alisema anamfahamu Mwalimu ni mtu gani, wala hakuja kumshitaki. Ila zamani, Mwalimu akitoka nyumbani kwake alimwona mtoto tangu mlangoni, na mama yake, Bibi Kanta, alimwona Mwalimu. Leo mama yake ameona kila kitu na hakuweza kumwonya mtu yeyote, maana kati yao kulikuwa na ukuta na bati. Akasema hayo, akaaga, akaenda kwa mwanawe.

Siku zilizofuata Baba Mdogo alirudi kwenye baiskeli. Gari alilifunika turubai. Chakula alikigusa tu, na Neema akimwomba chaki alisema zimekwisha. Usiku nikawasikia tena kupitia ukuta wa chumba. Alisema ameamua kuliuza, kuna mtu wa Himo amelitaka. Nikasikia Mama Mdogo akigeuka kitandani.

"Usiuze gari," akasema. "Punguza ukuta."

"Na wezi?"

"Wezi walichukua taa, na taa tulinunua nyingine."

Jumapili Baba Mdogo akapanda Uru kwa mguu, akashinda kwa mama yake, akarudi na jani la sale, lile jani refu la kijani linalopandwa mipakani mwa vihamba, mashamba ya ukoo. Kwa Wachagga ukimkosea mtu ukamletea sale, unamwomba msamaha kwa namna ambayo si rahisi kuikataa. Alivaa koti lake la kanisani, akavuka barabara, na Mama Mdogo akaniambia niende naye nikabebe maziwa. Bibi Kanta alikuwa barazani. Baba Mdogo akalitoa lile jani kwa mikono miwili, akaanza kueleza maana yake.

"Mwalimu," Bibi Kanta akamkatiza, "nimezaliwa mji huu. Unadhani sijui hili ni nini?" Akalipokea, akaliweka kwenye bilauri ya maji, akaketi tena. Kisha akamshukuru kwa Kichagga, "Haika. Nami nakuomba kitu. Nataka niuone mlango wako."

Baba Mdogo akasema atauona. Rupa alikuwa amesimama nyuma ya kiti cha bibi yake na plasta kwenye paji la uso. Akamwuliza Baba Mdogo kama ana chaki. Alikuwa nazo, mfuko mzima. Alikuwa anazirundika tu.

Ukuta ulianza kushuka Jumatatu. Fundi alikuwa yule yule aliyejenga, na alicheka mpaka akakaa chini, kisha akaanza kazi. Waliacha mistari michache ya tofali, usawa ambao unaweza kuegemea viwiko ukiwa umesimama. Geti jeusi likauzwa. Tofali zilizotolewa zikajengea banda la gari pembeni mwa nyumba, kando ya jiko, mahali palipokuwa na migomba mitatu ambayo Mama Mdogo aliililia siku nzima. Palikuwa na nafasi ya kutosha kwa gari kugeuka, likawa linatoka kwa mbele, dereva anaona barabara yote. Kule mbele wakavunja saruji, tukapanda majani kwa vipande tulivyovitoa Uru, na benchi likatoka kwenye banda la kuku likiwa na mavi yake, nikaliosha mimi. Mchana wa siku ile nilikuwa sebuleni nachambua maharage. Nilikuwa nimewasha taa kwa mazoea. Jua likaingia dirishani, likapanda juu ya vitambaa, na ile taa ikawa haionekani kama inawaka. Nikainuka nikaizima. Nilisikia kifua kinafunguka, na sikujua mpaka wakati ule kwamba kilikuwa kimefungwa.

Mtaa haukubadilika wote. Jirani wa kulia alipunguza ukuta wake kabla ya mvua za vuli. Wa kushoto akasema atafikiri, akafikiri miaka mingi. Wa kona hakugusa tofali hata moja, na baadaye akaongeza nyaya juu. Wezi walirudi mwaka uliofuata, nikiwa chuoni, wakaiba kuku. Nimeishi mitaa mingi tangu hapo, na kila nikihamia mahali natazama kwanza kilichopo kati ya mlango na barabara. Watu hudhani ni nafasi ya kupaki tu, au ya kupendeza wageni. Mimi nilijifunza mwaka ule kwamba nafasi ile, ambayo si ndani wala si nje, ndipo watu wanapokutana bila kualikana, na mtu akiizibia njia hajui amezuia nini mpaka siku kitakapohitajika.

Desemba ya mwaka ule ikafika. Kama kawaida ya huku, Wachagga wote walirudi nyumbani kwa Krismasi, na mtaa ukajaa magari ya Dar es Salaam na Arusha mpaka mtu akakosa pa kupita. Kaka zake Baba Mdogo walipofika waliuliza geti liko wapi, magari yao yatalala wapi. Akawaambia wayapaki barabarani, atawaamsha akisikia kitu. Tulikula machalari, ndizi zilizopikwa na nyama, kwenye majani mapya, watu wazima kwenye benchi na viti vya jirani, na wazazi wa Rupa walikaa nasi wakala wali na maharage. Siku ya pili ya sikukuu tulikuwa tunapanda Uru, na Neema akasema bila Rupa haendi. Mama Mdogo akamtazama mumewe. Hakuna aliyethubutu kwenda ng'ambo kuomba jambo kama lile. Tukiwa bado tumesimama, Rupa akatokea mwenyewe, anavuka barabara ameshikwa mkono na mama yake, nywele zimesukwa, na mfuko wa chapati begani. Mama yake akasema, "Bibi yake anasema mumrudishe kabla ya giza."

Tukapakia. Baba Mdogo akafanya kama alivyokuwa anafanya kila mara tangu siku ile. Akalizunguka gari lote, akainama mbele, akainama nyuma, akatazama chini. Rupa akamfuata, naye akainama kila alipoinama, mikono magotini, kwa makini sana. Walipomaliza akajipangusa mavumbi kwenye gauni lake.

"Hakuna mtu, Baba Neema," akasema. "Twende."

Tulipotoka nilitazama barazani kwa Bibi Kanta, nikiwa na hakika nitamwona amesimama anatuangalia. Kiti kilikuwa kitupu. Kutoka ndani nilisikia sufuria zinagongana na harufu ya vitunguu vinavyokaangwa. Alikuwa jikoni, anapika.